Wagiriki Ukumbini kwa Lenah

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kanyakine.

Leo natimiza miaka arobaini na mitano nje ya Embu. Nilitumwa hapa kufundisha historia kwa muhula mmoja. Muhula unaendelea. Nimeoa hapa, nimelea hapa, nimestaafu hapa. Na bado nikiuliza bei ya viazi naitwa yule Mwembu.

Asubuhi Gachoki, mtoto wa marehemu kaka yangu, alipiga simu kutoka Runyenjes. Jumapili baada ya kanisa ukoo unapanda miche ya mpaka katika shamba la baba yangu. Asiyekuwepo atahesabiwa kwamba amekwisha kupata kwao kwingine. Akaongeza, kwa heshima zote, kwamba binamu yetu Gichovi ameanza kufunga mbuzi upande wangu. Nilimwambia nitafika, na nitabaki. Mke wangu Kagwiria alisikia. Alisema tu kwamba Runyenjes kuna baridi ya asubuhi.

Lakini siwezi kuondoka Kanyakine kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Nataka waseme: huyu tumempoteza. Mpango ninao.

Mpango ni ukumbi wa video wa Lenah. Kuta za mabati, mabenchi, televisheni kubwa. Filamu zake ni za roboti na vyombo vya angani, na Misheck huzifasiri papo hapo kwa maikrofoni. Misheck hajui Kiingereza kingi. Hilo halimsumbui. Shujaa humwita Mutwiri katika kila filamu, na adui humpa jina la mtu yeyote anayewazibia wenzake kioo.

Watu wanaamini mambo haya yalibuniwa Marekani juzi. Hakuna aliyewaambia! Kila roboti anayetisha watoto mle ndani ni mjukuu wa Talo, jitu la shaba lililozunguka kisiwa cha Krete mara tatu kwa siku likizirushia meli mawe. Kila daktari anayeumba mtu maabarani ni Prometheo aliyevaa koti jeupe. Kila kikosi kidogo kinachoziba njia nyembamba mbele ya majeshi ya sayari nyingine kilianzia Thermopile. Nilifundisha Wagiriki miaka yote ile kwa wanafunzi waliotazama dirisha. Sasa walewale wanalipa kuwaona, na hawajui.

Nitawaambia. Kisha nitaondoka.

Jumanne, 4 Machi

Nilimweleza Lenah asili ya filamu zake. Alisikiliza huku akipanga chupa za soda. Aliuliza kama huyo Talo ataleta watu. Nilisema ameleta watu tangu kabla ya Kristo. Akanipa dakika kumi kabla ya onyesho la jioni.

Nilianza na Hefaisto, mhunzi wa miungu. Huwezi kueleza Talo bila Hefaisto. Wala Hefaisto bila mama yake, aliyemtupa kutoka mlimani. Wala mlima bila kusema uko wapi. Tulipokaribia Krete benchi la mbele lilikuwa likipiga miluzi. Mzee Bundi, fundi wa baiskeli, ambaye huketi mbele kila siku, aliuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo jitu inakuja leo ama kesho?"

Kicheko kirefu. Misheck alinipokonya maikrofoni kwa adabu sana. Alinishukuru, hata.

Kisha aibu yenyewe. Roboti alipotokea, Misheck akamwita Talo! Akasema ana mshipa mmoja tu, kutoka shingoni hadi kifundo cha mguu, uliozibwa kwa msumari. Hayo nilimwambia mimi, mlangoni, nikimsalimu. Ukumbi mzima ulisimama ukimhimiza Mutwiri autoe msumari. Kwenye kioo hapakuwa na msumari wowote. Mutwiri alikuwa akibonyeza kitufe.

Wizi mtupu. Nilirudi nyumbani bila kumaliza soda.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na mpango bora. Mwizi apewe mali mbovu.

Nilimkuta Misheck kwenye kibanda cha chai. Nikamwambia, kama siri ya wasomi, kwamba simulizi la msumari ni la watoto. Wagiriki wenyewe walijua kwamba Talo aliuawa kwa uji moto uliomwagwa sikioni. Uji wa wimbi. Nilisema bila kupepesa macho. Alinilipia chai.

Atausema mbele ya ukumbi na kila aliyesoma atamcheka. Sikujiuliza ni wangapi hao.

Ijumaa, 7 Machi

Uji umepokelewa vizuri mno. Jana kwenye maombi mzee wa kanisa Thuranira aliutumia katika mahubiri: jitu la kiburi, lisilopenywa na mkuki, likaangushwa na kitu ambacho mama yeyote anaweza kupika. Akina mama walilia. Kagwiria ndiye aliyeniletea habari. Aliniuliza imeandikwa wapi. Nilisema masimulizi ya Wagiriki yako mengi. Akasema yeye anakumbuka msumari. Nilimsimulia tulipokuwa tukichumbiana.

Nikavaa koti nikaenda Meru mjini.

Pale sokoni Gakoromone kuna Murungi, niliyemfundisha, sasa muuza ndizi wa jumla. Nilimwomba amchukue Misheck kesho, siku nzima, awaite wateja. Na amwambie kipaza sauti kimeharibika. Murungi aliuliza sababu. Nilisema ni kwa ajili ya elimu. Alicheka mpaka akashika meza, akakubali. Alisema shuleni niliwahi kumtetea asifukuzwe. Mimi silikumbuki hilo, lakini sikumsahihisha.

Jumamosi, 8 Machi

Imefaulu! Misheck amerudi hana sauti hata ya kuomba maji. Ndizi ziliisha kabla ya saa sita, na Murungi anamtaka kila Jumamosi kwa ujira mzuri. Hilo si kosa langu.

Jioni Lenah alisimama kwenye lango langu. Kesho ni filamu mpya, karatasi za tangazo zimekwisha kubandikwa kila nguzo hadi barabara kuu. Chombo kimepotea kati ya nyota, nahodha anatafuta njia ya kwao. Hakuna mwingine mwenye Kiingereza na masimulizi. Je, Mwalimu angeshika maikrofoni? Filamu nzima?

Kesho. Saa nane mchana.

Nilifikiri kwa makini. Ukoo wetu haujawahi kuanza kikao kwa wakati. Wazee watasalimiana, watakula, watabishana ni upande gani jua huchomoza. Nilimpigia Gachoki nikamwomba wanisubiri hadi jioni. Akasema miche imekwisha kung'olewa kitaluni, na mizizi ikikauka haishiki. Nikasema nitapanda gari filamu ikiisha tu. Akauliza, filamu gani?

Misheck amenitumia ujumbe wa simu. Ananishauri nisiwachoshe watu, na nahodha nimpe jina wanalolijua. Namshukuru, lakini safari hii Wagiriki watasema wenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni, na tulianza kwa kuchelewa saa mbili nzima. Wengine walitoka kanisani moja kwa moja, bado na Biblia. Misheck aliketi karibu yangu na kitambaa shingoni, akinywa maji ya tangawizi. Nyuma kabisa nilimwona Kagwiria. Hajawahi kuingia mle.

Nilianza vizuri. Nilieleza kwamba nahodha huyu ni mfalme wa Ithaka aliyepewa chombo cha chuma badala ya mashua. Alikwenda vitani, vita vikaisha, akapotea njiani miaka kumi. Zimwi la jicho moja sasa ni kompyuta ya jicho moja. Kisiwa cha wasahaulifu sasa ni sayari yenye maua. Nilitaja majina yote kama yalivyo. Nikaona nyuso zikianza kulegea. Mtoto akalala. Kijana mmoja akauliza staring ni nani, yaani shujaa, yule asiyekufa. Nilimtajia jina, silabi tano. Akauliza tena.

Hapo Mzee Bundi akageuka. "Mwite Njiru!"

Ndilo jina langu. Ukumbi ulipiga makofi. Nilikataa, nikaendelea na Ithaka, wakaimba: Njiru, Njiru. Lenah alinitazama kutoka mlangoni. Nikasema haya, Njiru.

Sitaki kudai zaidi ya yaliyotokea, lakini ukumbi uliamka. Njiru alipoponyoka kwenye jicho la kompyuta walirusha kofia. Njiru alipoonja ua la usahaulifu, mama mmoja alimkataza kwa sauti. Na mimi nilianza kusema mambo ambayo hayakuwa kwenye filamu wala kwa Wagiriki. Kwamba Njiru alikwenda kwa safari fupi. Kwamba aliahidi kurudi kabla kahawa haijavunwa. Walishika vichwa. Simu ilitetemeka mfukoni. Nikaiacha. Ikatetemeka tena.

Kisha chombo kikatua. Sayari ya kwao: mlima, uwanja, nyumba. Nahodha akateremka. Wageni wanakula mezani pake. Anapita kati yao na hakuna anayeinua macho. Nilisema, Njiru amefika kwao. Nikasema, hawamjui.

Nikashusha maikrofoni. Kwenye kioo yule mtu alitembea, alitembea. Walingoja. Bundi akasema polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Sasa Njiru anafanya nini, Mwalimu?"

Nikasema, "Anageuza chombo. Anarudi alikotoka."

Ghasia! Walikuwa wanaona kwa macho yao kwamba amefungua mlango na mkewe anamkumbatia. Mmoja akasema Mwalimu ni mwongo. Nilishikilia. Nilisema hiyo ni ndoto ya nahodha, yeye mwenyewe yuko angani, ameshapita mwezi. Mtu akadai arudishiwe kiingilio. Misheck akachukua maikrofoni mkononi mwangu na kwa mnong'ono, kama upepo kwenye mabati, akasema Njiru ameingia ndani, ameketi, amepewa chakula. Wakatulia wote.

Nje kulikuwa giza. Simu ilionyesha Gachoki mara tatu.

Tulitembea nyumbani na Kagwiria, taratibu, kwa ajili ya goti lake. Tukafika kwenye mahindi ya jirani.

"Hicho chombo umekigeuza wewe," alisema. "Mimi nilikuwa naangalia."

Nikamwambia mwanga wa kioo ulikuwa hafifu. Akanishika mkono pale penye tope.

Jumatatu, 10 Machi

Gachoki alipiga mapema. Miche imepandwa. Walinisubiri hadi kuku walipoingia bandani, wakanyanyua kamba ya kupimia mpaka, wakaendelea. Upande wangu umekwenda kwa Gichovi, ambaye alimwagilia maji mwenyewe. Hakuna aliyesema neno baya juu yangu. Wazee wawili walikuwa hawanikumbuki vizuri, wakaomba waelezwe mimi ni yupi.

"Baba mdogo," alisema, "ukija kututembelea, kitanda kipo."

Nilimshukuru. Kitanda cha mgeni. Nilimuuliza kama mvua imeanza. Akasema bado.

Baada ya chai nilikwenda kwa Lenah kumweleza kasoro za jana. Kosa lilikuwa la spika. Spika ya kushoto hukata maneno, na mtu asiposikia maneno yote hawezi kufuata hoja. Lenah alisema hoja waliifuata, ndiyo maana walikasirika. Sauti ya Misheck inarudi kidogo kidogo. Ijumaa atashika maikrofoni yeye, na mimi nakaribishwa kuketi benchi la mbele karibu na Mzee Bundi.

Sawa. Nikiwa njiani nimegundua kile kilichokosekana. Kwaya! Hakuna Mgiriki aliyesimulia jambo zito bila kwaya. Akina mama kumi na wawili wa kanisa, kwa sare zao za bluu, wasimame pande zote mbili za televisheni na kuomboleza kila roboti anapoanguka. Misheck hawezi kushindana na sauti kumi na mbili. Nimekwisha kuzungumza na mwalimu wa kwaya, nikamwambia ni wazo la Thuranira. Thuranira nitamwambia ni wazo la mwalimu wa kwaya. Kagwiria huimba sauti ya pili; atajua wakati ukifika. Mazoezi yanaanza Alhamisi na mistari bado sijaitunga, kwa hiyo wiki hii nina kazi nyingi.

Embu sitarudi.