Aliyesukuma Gari la Munyi

Jumatatu, 8 Agosti 2016

Wambeti, koma! Nakuambia humu daftarini kwa sababu kwako sikanyagi. Mtu mzima na mvi zako, unasimama mbele ya akina mama wa kanisa unasema gari la Munyi lilisukumwa na watu wa kwenu Embu! Mwaka huo ulikuwa hata hujaolewa hapa Muthara. Matope yetu unayajulia wapi?

Munyi alikuwa dereva wa mbio za magari, zile za Pasaka. Mtu wa Embu, sikatai. Lakini mwaka wa mvua kubwa gari lake lilizama kwenye kona yetu. Nani alilitoa? Mimi! Na gauni la Pasaka, na kiondo mgongoni, na mimba ya mwanangu Kithinji tumboni. Likatoka, likanirushia matope mpaka kwenye meno, likaenda zake likashinda. Asante? Hakuna.

Sasa wametengeneza sinema ya maisha yake. Kijana wa kamera alipita hapa mwaka jana akanywa uji wangu wa wimbi. Nikamweleza yote. Jumapili inaonyeshwa ukumbi wa kanisa. Muthara nzima itaniona. Wambeti atameza ulimi.

Jumatano, 10 Agosti

Nilienda kwa Pasta Muthamia. Nikamwambia kile kiti cha mbele chenye mito ni cha aliyesukuma gari. Akakohoa. Akasema Wambeti amekwisha kukiomba, kwa vile Munyi ni mtoto wa baba yake mdogo. Undugu gani! Mtu wa Embu akipata jina tu, huyo ni ndugu ya Wambeti.

Pasta akasema tunaweza kukaa pamoja kwa upendo. Nikamuuliza yeye amewahi kukaa na Wambeti. Akanimiminia chai. Nilikunywa chai yake yote nikaondoka.

Ijumaa, 12 Agosti

Nina mpango! Kiti achukue. Mimi nitachukua watu.

Niliwaita akina mama nyumbani. Nikaponda mukimo wa viazi na mahindi, nikachinja kuku anayetaga. Walipomaliza kulamba vidole nikawaambia: mkiona kwenye kile kitambaa mama mwenye kiondo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, huyo ni mimi. Pigeni vigelegele kama siku tunayompelekea aliyejifungua uji! Phyllis akauliza watanitambuaje, nimezeeka. Nikamwambia atazame paji la uso, halizeeki. Lydiah alisema hawezi kujibu kabla ya kuongezewa mukimo.

Kaari, mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu Nchiru, akaniuliza, “Shosho, kwani hiyo sinema umeiona?”

Niione ya nini? Nilikuwepo!

Jumapili, 14 Agosti

Lo! Hata kilemba cha kanisani sijavua.

Baada ya ibada madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Mashine ya sinema ikawekwa juu ya meza ya watoto wa Sunday School, shuka jeupe ukutani. Wambeti kwenye mito, na kofia. Mimi nikaweka kigoda changu kando ya ukuta.

Nyuma walijaa madereva wa miraa, mashavu yamefura kwa kuitafuna. Hao kazi yao ni kukimbiza miraa Nairobi kabla haijanyauka. Munyi alipokata kona ya kwanza wakaangua kicheko! Mmoja akasema mzee akiendesha hivyo miraa itafika ikiwa kuni. Mwiti, yule wa pikapu ya bluu, akapaza sauti: “Toa mguu kwa breki, mzee! Umebeba mayai?” Pasta akawaambia wanyamaze. Lakini nilimwona. Kila kona yeye mwenyewe alikuwa anakanyaga breki sakafuni.

Mara akatokea mama mwenye kiondo. Vigelegele! Phyllis alisimama akacheza. Lydiah akarusha leso. Nikainua mkono niwasalimu. Kutazama vizuri, si mimi! Ni mama yake Munyi, anaaga mwanawe huko Embu! Wambeti akainuka akainamisha kofia huku na huku: “Asanteni sana, huyo ni mama yangu mdogo.” Mukimo wangu! Kuku wangu!

Nikajipa moyo, kona inakuja. Ikaja. Haikuwa hata yetu, pembeni kuna mashamba ya chai. Muthara tuna chai? Gari likazama. Wakatokea wanaume wanene wenye gambuti mpya, wakalisukuma. Mama hakuna. Hata mmoja.

Vichwa vyote vikanigeukia. Kaari akaangalia vidole vyake. Miaka yote hiyo nimewasimulia, watoto na wajukuu, na sasa wananitazama kama mwongo. Yale matope niliyasikia tena kwenye meno.

Nikasimama. Nikavuka ukumbi mikono imenyooka, nimwambie mwenye mashine azime huo uongo. Kumbe nimepita mbele ya taa yake. Mtu akapiga kelele nyuma: “Shosho anasukuma!”

Nikageuka. Kweli! Kivuli changu kilikuwa kikubwa kama mti, kilemba na yote, mikono juu ya buti la gari la Munyi. Madereva wote wakadakia: “Sukuma! Sukuma!”

Sasa ningefanya nini? Nilisukuma! Nikakunja magoti, nikatoa ule mguno wa mwaka ule. Na gari likatoka! Wakati uleule!

Ukumbi ulipasuka. Miluzi, vigelegele vya haki, Pasta amepanda juu ya benchi. Wakataka irudiwe. Mwenye mashine akarudisha gari kwenye matope, nikalitoa. Akalirudisha, nikalitoa. Wale wanene wa gambuti hata hawakuonekana, nimewafunika. Kaari alikuwa analia kwa kucheka. Akapaza sauti: “Huyo ni shosho yangu!”

Madereva wakaja kusukuma na wao. Mwishowe Wambeti mwenyewe akaacha mito akaja mbio, kofia imeanguka. Nikamwambia ashike upande wa kushoto na asiniguse bampa.

Kama Munyi alishinda kwenye sinema sijui. Hakuna aliyetazama.

Jumatatu, 15 Agosti

Magoti yamekataa. Wambeti alikuja na ndizi mbivu, akasema tulisukuma vizuri. Tulisukuma! Kesho itakuwa alisukuma peke yake. Akaongeza kwamba Jumamosi sinema inaonyeshwa Embu, na ukoo wake wote utakuwepo.

Pasta alipita akanisihi niridhike. Kaari naye akasema, “Shosho, kile kilikuwa kivuli tu. Achana nayo.” Kivuli! Gari lilitoka au halikutoka? Na huko Embu nani atalitoa? Wale wanene?

Kaari, najua daftari hili unalisoma: ukimaliza vyombo piga pasi lile gauni la Pasaka. Mwambie Mwiti Jumamosi kiti cha mbele cha pikapu ni changu. Menya viazi vya mukimo, vingi, maana Embu pia kuna akina mama wenye vigelegele na lazima wafundishwe mapema. Kisha nikamatie yule jogoo, na Wambeti asijue ni wa nini.