Kilo Nane Zisizo Zangu

Jumatatu, 5 Mei

Heshima kubwa! Sista wa kliniki amepiga simu nikiwa katikati ya kukata koti la bwana harusi. Jumamosi kuna mkutano wetu, sisi tuliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na safari hii watakuja pia wale wanaosubiri zamu yao. Anataka mimi nizungumze nao. Mimi! Mwaka wa saba tangu upasuaji, mfano wa kuigwa, picha yangu iko ukutani kwenye korido yao, kabla na baada. Nije na suruali yangu ya zamani kama kawaida. Halafu akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kabla ya hotuba tutapimwa uzito.

Suruali ya zamani ndiyo silaha yangu. Ndiyo niliyoingia nayo hospitali. Kila mwaka nasimama mbele ya watu, naingiza miguu yangu yote miwili katika mguu mmoja wa suruali ile, navuta hadi juu, na nafasi inabaki. Watu hupiga makofi. Kuna mwaka mama mmoja alilia.

Jioni nimejaribu, kwa mazoezi tu. Imefika mapajani ikagoma. Nimerukaruka. Nimelala chali kitandani nikavuta. Imegoma! Jibu ni wazi: imesinyaa. Imefungiwa kabatini mwaka mzima, inatoka mara moja tu. Hata mtu angesinyaa.

Kwa kutenda haki nimepanda mizani. Kilo nane zaidi ya pale nilipofika chini kabisa. Nimeihamishia mizani sebuleni. Kilo nane. Jikoni, hivyo hivyo. Aliyejenga nyumba hii hakunyoosha sakafu hata moja.

Mama Watoto ameuliza kama nimehesabu na biskuti. Biskuti gani? Zile ninazochovya kwenye chai dukani, anasema. Nimemfafanulia kwa upole. Kanuni za kliniki nazishika zote: kuanza na mayai, samaki au maharage, kutafuna mpaka chakula kilainike kabisa, kutokunywa wakati wa kula. Sasa biskuti iliyolowa kwenye chai haitafunwi. Haijazi tumbo. Inateleza yenyewe. Kwa hiyo ni kinywaji.

Ameendelea kukunja nguo.

Jumanne, 6 Mei

Nimeamka na wazo. Mimi si fundi cherehani? Maisha yangu yote nimewafanya wanene waonekane wembamba na wembamba waonekane wana vyeo. Nikishindwa kupungua mimi, suruali itaongezeka yenyewe.

Nimefumua mshono wa pembeni. Nitaongeza kipande kirefu kila upande, nipige pasi, nani atajua? Tatizo ni kitambaa. Kahawia ile haipo tena sokoni. Nimepekua vitambaa vyote mpaka nikakumbuka pazia la sebuleni ambalo Mama Watoto aliniletea nilipinde tangu mwaka jana. Upande wa nje kahawia safi. Upande wa ndani maua mekundu makubwa, lakini ndani ni ndani. Nimekata vipande viwili. Dirisha lenyewe si pana kihivyo.

Jirani wa Kitanda amepita mbio. Namwita hivyo kwa sababu tulilazwa vitanda vya kuungana, tukapasuliwa wiki moja, na tangu hapo hanipi pumzi. Mlinzi mstaafu wa benki. Kila asubuhi anapita mbele ya duka langu akikimbia, kaptura fupi, mikono juu juu, na lazima anisalimie kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Leo amesimama mlangoni akauliza nashona hema la nani. Nimemwambia ni la mteja mkubwa. Akacheka, akasema amesikia Sista anatafuta msemaji wa akiba, endapo wa kwanza atapata dharura.

Dharura! Afya yangu haijawahi kuwa nzuri hivi. Sipati dharura hata nikilipwa.

Jumatano, 7 Mei

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimelala.

Nilipanga hivi: kutokula kabisa mpaka Jumamosi. Kilo nane zikitoka, mizani itanyamaza. Asubuhi nilijikaza kisabuni. Nikakataa yai. Nikakataa vitamini zangu pia, maana nazo zina uzito. Kufikia adhuhuri uzi ulikuwa unaniona, mimi siuoni. Nikajipeleka mwenyewe kwenye duka la vinywaji, kununua maji. Pale kuna friji ya aiskrimu, imewekwa mlangoni kwa makusudi. Nikafikiri: aiskrimu ni maji yaliyoganda.

Nilimaliza kopo zima. Sikuchelewa kuona cha mtema kuni. Sukari ikimwagika ghafla kwenye tumbo dogo kama letu, mwili unalipiza. Moyo ukaanza kupiga kama cherehani isiyo na breki. Jasho. Kizunguzungu. Tumbo likajikunja. Nikapanda juu ya meza ya kupigia pasi nikalala pale, na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akadhani nimekufa, akaanza kuuliza sketi yake iko wapi.

Mama Watoto alikuja na taulo lenye maji. Hakunigombeza. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko tumbo. Aliketi karibu yangu mpaka ikapita, akanipa yai kwa vipande vidogo vidogo na kuhesabu ninavyotafuna. Akasema tumbo langu walilipunguza, ujanja waliusahau.

Nampenda sana huyu mwanamke. Sitamwambia habari za pazia.

Alhamisi, 8 Mei

Mteja mpya. Mwalimu wa hesabu, mama mpole, mkubwa kwa umbo kama nilivyokuwa. Ameleta kitambaa cha gauni la mahafali ya shule. Nikimpima aliomba nisitaje namba kwa sauti. Sikutaja. Najua kuombwa hivyo kunatoka wapi.

Kumbe naye yuko kwenye orodha ya wanaosubiri upasuaji! Zamu yake ni mwezi ujao, lakini amebanwa na hofu, na Sista amemwambia asiamue kabla ya kunisikiliza Jumamosi. Akaniuliza pale pale, futi bado ikiwa shingoni mwangu: Fundi, niambie kweli, uzito haurudi?

Nikamjibu kwa macho makavu. Haurudi. Hata gramu moja. Tangu siku ile sijawahi hata kutamani kitu kitamu. Napita mbele ya duka la keki kama napita mbele ya duka la misumari.

Nilitegemea atafurahi. Akanywea. Akasema basi yeye hawezi, yeye si mtu wa namna hiyo, yeye akiona keki anaiona. Pengine amwachie nafasi yake mtu mwenye roho ngumu kama yangu. Akachukua mkoba wake akaondoka, bila kuuliza gauni litakuwa tayari lini.

Ni wazi sikumpa mfano wa kutosha. Nimeongeza kipande cha tatu kwenye suruali.

Ijumaa, 9 Mei

Suruali imekamilika. Kazi safi! Pasi imepita, mishono haionekani. Nimeingia mguu mmoja na bado naweza kupokea wageni. Nimenyoa nywele zote na ndevu, kwa ajili ya mizani. Nimechagua shati la kitambaa chepesi kuliko vyote na viatu vya kitambaa. Saa ya mkononi naiacha nyumbani. Pete pia, lakini Mama Watoto ameniangalia, nikairudisha.

Jirani wa Kitanda amepita tena mbio. Hakusimama. Alikuwa anahema vibaya kwa mtu mwenye mazoezi.

Nimemuwaza Mwalimu. Kusema kweli nimemuwaza sana. Miaka saba iliyopita nilikuwa siwezi kupanda ngazi za nyumba yangu bila kupumzika katikati. Kila siku nilijidunga sindano ya kisukari. Akiacha, ataendelea kubeba yale yale. Kesho lazima ning'ae machoni pake. Mafanikio matupu, bila doa.

Jumamosi, 10 Mei

Nitaandika yote, ingawa mkono unakataa.

Mizani. Nilipanda kwa ncha za vidole, pumzi nimeishika. Sista aliniambia niteremshe visigino. Akaandika, akanitazama juu ya miwani, akasema kwa sauti ndogo kwamba tutazungumza baadaye. Nikamwambia nimekula chumvi jana, inashika maji. Akasema ndivyo nilivyosema mwaka jana.

Ukumbini, watu tele. Mwalimu alikaa safu ya nyuma, kando ya mlango, mkoba mapajani. Mama Watoto safu ya mbele. Nikatoa hotuba yangu ya hata-gramu-moja. Nikaingia kwenye suruali, miguu yote miwili upande mmoja, nikavuta. Nafasi! Makofi! Nilijisikia kama nimezaliwa upya.

Ningeshuka pale pale. Lakini Sista, kwa furaha, akasema upande wa pili uko mtupu, hebu aje na Jirani wa Kitanda, watu waone ndugu wawili wa wodi moja ndani ya suruali moja. Yeye hakusubiri kuitwa mara mbili. Akaingia, tukavuta pamoja, nikasikia mshono wa kwanza ukilalamika. Mpiga picha akaomba tusogee mbele. Mimi nikaenda kulia. Yeye akaenda kushoto.

Paaa!

Vipande vyote vitatu vilifumuka, vikageuka, na maua mekundu yakamwagika mbele ya kadamnasi. Mama Watoto akasimama wima.

"Hilo ni pazia langu!"

Nikaeleza kwamba suruali za zamani zilikuwa na bitana ya maua. Sista akasema yeye mwenyewe ndiye aliyeikunja suruali ile siku ya upasuaji, na hakumbuki bustani. Mama Watoto hakunisaza. Pazia, kilo nane, biskuti za kuchovya, aiskrimu, meza ya pasi, yote akayaanika. Nilitamani ardhi ipasuke. Ikapasuka suruali zaidi.

Jirani wa Kitanda alitaka kutoroka lakini tulikuwa tumenaswa pamoja. Nadhani hilo ndilo lililomvunja. Akasema taratibu, akiangalia viatu vyake, kwamba za kwake ni kilo kumi na moja. Mbio zake huishia pembeni pale, nyuma ya duka la mikate, ambako wanamjua kwa jina.

Basi kule nyuma mtu akaanza kucheka. Mwalimu! Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mkononi. Akasimama, akauliza swali, wala si kwangu. Alimuuliza Mama Watoto kama, pamoja na yote hayo, upasuaji ulikuwa na faida.

Mama Watoto akageukia ukumbi. Akasema zamani alikuwa anapiga magoti kila asubuhi kunifunga kamba za viatu, kwa sababu mimi nilikuwa sizifikii. Sasa nampokonya pakiti ya biskuti mkononi, nashuka nayo ngazi mbio, na yeye hanipati.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana alisema kama mtu anayejisifia mali yake.

Sista akachukua nafasi. Akasema wengi hurudisha kilo kadhaa miaka ikipita, si aibu, aibu ni kujificha na kuacha kuja kliniki mpaka mambo yaharibike. Mwalimu akamwendea mbele ya wote akamwambia asiifute zamu yake. Ikiwa watu kama hawa wawili wameweza kufika mwaka wa saba, alisema, yeye pia ataweza.

Sijajua kama ile ni sifa. Nimeipokea kama sifa.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi njema. Jana baada ya mkutano Sista alinipima damu, na leo amepiga simu mwenyewe: sukari bado iko sawa kabisa. Nilikaa kwenye kiti nikashukuru kimoyomoyo kwa muda mrefu. Nilikuwa naogopa jibu hilo kuliko mizani, ila sikuwahi kuliandika hapa.

Nimeapa mkono juu: biskuti basi. Vitamini kila siku. Yai kwanza. Nimetembea na Jirani wa Kitanda mpaka daraja na kurudi, polepole, bila kushindana, ingawa mimi ndiye niliyefika mlangoni mbele. Nimemnunulia Mama Watoto pazia jipya.

Mchana Mwalimu alipiga simu. Nikajiandaa kumshauri. Akamtaka Mama Watoto! Anataka amfundishe jinsi ya kuishi akishapasuliwa: apike nini, ale kwa mpangilio gani, afanye nini tamaa ikija. Mama Watoto akaingia chumbani na simu akafunga mlango. Wakazungumza, wakacheka, wakazungumza tena.

Mimi nikabaki na jikoni peke yangu. Juu ya kabati kulikuwa na keki ya wageni. Keki si biskuti, nami niliapa biskuti, nilijisikia kwa masikio yote mawili. Nikakata kipande chembamba, nikakilowesha kwenye maziwa ili nisilichoshe tumbo. Maziwa ni lishe. Kikashuka vizuri. Nikaona hata cha pili kina haki yake, na wao bado walikuwa wanaongea.

Mama Watoto alipotoka nilikuwa naosha kikombe. Nimemwambia kwa moyo mweupe kwamba mgonjwa mpya anahitaji kushikwa mkono kweli kweli, asimwache. Mara moja kwa wiki haitoshi. Ampigie kila siku, na asione haya kuongea kwa kirefu.