Cherehani Iliyokwenda Mavunoni

Alhamisi, 5 Septemba

Semina ya Imani na Mfuko Wako ilikwisha jana. Jioni tatu mfululizo. Nimetoka mtu mpya. Mchungaji amesema tatizo letu si kipato, ni uwakili wa mali ya Mungu: mtu aomba mvua, na shambani hajatupa hata punje. Amesema pia kanisa litaunda Kamati ya Uwakili, na mwenyekiti wake atajulikana kwa matendo yatakayoonekana Jumapili hii ya Mavuno. Matendo! Akamtazama Jared. Nikakohoa. Akanitazama mimi.

Jared ni karani bandarini. Ana tai tano. Mimi nauza kanga dukani kwa Zein, Biashara Street, mwaka wa tisa sasa, na tai yangu ni moja. Lakini uwakili haupimwi kwa tai.

Trizah, mke wangu, amesafiri asubuhi kwenda Kaloleni kumwangalia mamake. Atarudi Jumanne. Alipokuwa akifunga mkoba alinieleza jambo refu kuhusu cherehani. Nilikuwa nikisikiliza mahubiri redioni. Niliitikia kila alipotua. Nadhani alisema nisiiguse.

Swali la leo: nitoe nini? Jogoo kila mtu hutoa.

Ijumaa, 6 Septemba

Jibu limekuja Zein alipofunga duka kwenda kuswali. Cherehani!

Iko pembeni mwa chumba chetu, ya kukanyaga, na meza yake, imefunikwa leso kuukuu. Ndiyo inayolipa karo, na kodi ikibidi. Nakiri. Mshahara wa Zein huishia kwenye unga na nauli. Ndiyo maana itatikisa kanisa. Mtu anayetoa cherehani ya mkewe si mtu wa mchezo.

Na haitaondoka! Hapo ndipo akili ilipo. Vitu vya mavuno hupigwa mnada baada ya ibada. Baya atainunua kwa niaba yangu, bei ya chini, na mkokoteni wake utairudisha chumbani kabla ya chai ya jioni. Kanisa litapata fedha. Mimi nitapata uenyekiti. Trizah ataikuta cherehani yake pale pale alipoiacha. Simwoni anayeumia.

Baya husukuma mkokoteni hapo hapo Biashara Street, na huimba besi katika kwaya yetu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama huku si kumdanganya Mungu. Nikamwambia Mungu anaujua mpango wote, basi hajadanganywa. Akaridhika. Nimempa fedha za kodi ya mwezi huu. Kazi yake ni kuinua mkono tu.

Zein aliporudi alinikuta nacheka peke yangu katikati ya doti za kanga. Akaniuliza, "Yakhe, wanywa nini siku hizi?"

Jumamosi, 7 Septemba

Tumeitoa. Nzito kuliko nilivyodhani! Miaka yote hii naishi nayo, sijawahi kuisogeza hata shubiri. Leso hatukuifunua. Kwenye kichochoro cha kutokea Ndia Kuu gurudumu lilikwama, tukasukuma, likakwama tena. Bi Mona akachungulia dirishani.

Bi Mona ni mwenye nyumba. Yeye na bintiye Areej wanakaa juu, sisi tuna chumba kimoja chini. Harusi ya Areej ni mwisho wa mwezi, na nguo zote zimo mikononi mwa Trizah. Hili sikuwa nimelipigia hesabu.

Akauliza tunaipeleka wapi. Nikasema kanisani, ikaombewe.

"Ile?" Akatoa kichwa nje zaidi, akaitazama. "Haya mwanangu, ipeleke. Ile yahitaji dua kwelikweli."

Akafunga dirisha. Nikamsikia akicheka na Areej. Si wa dini yetu, lakini utoaji ameuelewa kuliko wengi wetu.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Ibada ilikuwa nzuri. Mikungu ya ndizi, mihogo, nazi, jogoo hadi wakaanza kupigana chini ya mimbari. Kisha cherehani ikaingizwa na wanaume wanne, na Chirau akaifunua. Chirau ni mzee wa kanisa na dalali wetu wa kila mwaka. Sauti yake haihitaji kipaza sauti. Akatangaza kwamba ndugu Kazungu ametoa chombo kinacholisha nyumba yake. Vigelegele! Mchungaji akanikumbatia mbele ya watu wote. Jared akashika tai yake kama inayombana.

Mirriam, kiongozi wa Umoja wa Akina Mama, alisimama akaitazama cherehani. Akakaa. Benchi lao zima likaanza kutikisika kwa kicheko, leso midomoni. Furaha ya Roho, nikajua.

Mnada ukaanza. Baya akainua mkono. Jared alisita. Elfu tano mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ni ya Baya! Nikafumba macho nikashukuru. Mpango wangu ulikuwa umekamilika, na ulidumu hivyo kwa muda wa pumzi moja.

Nilikuwa nimeisahau desturi yetu. Kila mnunuzi Chirau humwuliza: unakwenda nacho, au unamrudishia Bwana? Ukikirudisha watu hushangilia, na kitu kinauzwa upya. Leo kuna jogoo aliyeuzwa hadi akachoka kuwika. Basi Chirau akamwuliza Baya. Baya akanitazama. Nikamwashiria aichukue. Akalitazama kanisa. Kwaya yake ilikuwa tayari imesimama inampigia makofi. Mtu anasukuma mizigo ya watu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kusimama kwa ajili yake.

"Namrudishia Bwana!"

Kwa besi. Madirisha yakaitikia. Kodi yangu!

Raundi ya pili Jared aliinua mkono na hakuushusha hadi elfu kumi na nne. Hakuna aliyemfuata. Chirau akamwuliza swali lile. Jared akasema anakwenda nayo, mkewe Caroline ametamani cherehani siku nyingi. Itakaa kanisani hadi apate gari.

Baya alinifuata nje akilia. Si kwa majuto. Amesema hajawahi kubarikiwa hivi.

Mwenyekiti wa kamati atatangazwa Jumatano. Trizah anarudi Jumanne.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwendea Jared saa ya chakula. Nikamwonya kindugu kwamba cherehani ile ina tabia mbaya, hung'ata vidole. Akasema Caroline ni mwangalifu. Nikamwambia mafuta inayokunywa ni mengi. Akasema wataomba. Nikamwahidi jogoo wawili na kanga doti moja, abadilishane nami. Akaitazama tai yangu kwa huruma, akarudi kwenye wali wake.

Nikaenda kwa Mchungaji. Nikauliza kwa mfano tu: kama mtu ametoa kitu, kisha ikaonekana mkewe bado anakipenda? Mchungaji akaweka kikombe chini. Akanisimulia habari ya mume na mke waliouza shamba wakalidanganya kanisa kuhusu bei. Akaanguka mume. Akaja mke, akaanguka mke. Habari hii naijua tangu utotoni. Sikuwahi kusimuliwa na mtu anayenikazia macho. Nilirudi nyumbani nimejishika kifundo cha mkono, nasikiliza kama moyo bado unapiga.

Jioni nilikaa kitandani, pembe tupu mbele yangu. Nikaisikia cherehani.

Trrr. Kimya. Trrr.

Juu ya kichwa changu! Na cherehani iko kanisani, mali ya Jared! Nikapiga magoti. Ikanyamaza. Nikainuka. Trrr. Nikapiga magoti tena, safari hii nimevua viatu.

Nimeahidi mambo mengi. Siyaandiki, yasije yakasomwa.

Jumanne, 10 Septemba

Zein amenirudisha nyumbani adhuhuri. Nilimfungia mteja doti mbili akiwa amelipa moja. Zein akasema kama ni maradhi nikatibiwe, na kama ni mapenzi nikamwambie mke wangu.

Nilikuwa na hadithi mbili tayari. Ya wezi, na ya mchwa. Ile ya mchwa ilikuwa na udhaifu kwa sababu ya vyuma.

Trizah aliingia na gunia la machungwa. Akaitazama pembe tupu. Akaweka gunia chini, akaketi kitandani akaningoja. Trizah anayepiga kelele namjua, tumezoeana. Huyu anayengoja sikumjua. Nikafungua kinywa kutoa wezi, ikatoka kweli yote: uenyekiti, Baya, kodi, makofi, vidole, hata jogoo wa Jared. Niliimaliza nikiwa chini sakafuni.

Akauliza kodi atailipa nani. Nikasema Bwana atatenda. Akasema, "Bwana hajapanga kwa Bi Mona, umepanga wewe. Inuka twende juu."

Nilipanda ngazi zile kama mbuzi wa sikukuu.

Juu palikuwa na kitambaa cheupe kila mahali, na katikati yake Areej, anakunja pindo. Kwenye cherehani. Ya kukanyaga. Kanyagio lake limefungwa kwa waya ule ule nilioufunga mwenyewe mwaka juzi.

Ya Trizah! Nzima!

Trizah akanieleza upya, polepole, kama anavyoelezwa mgeni njia. Alhamisi aliniambia kwamba yake imepandishwa kwa Bi Mona, ili nguo za harusi zipimwe na kushonwa papo hapo. Ile ya chumbani ni ya Umoja wa Akina Mama. Imekufa tangu Pasaka. Ililetwa Jumatano ingoje fundi. Na mimi nilijibu "Amina".

Nimelitolea kanisa cherehani ya kanisa! Mirriam alimpigia Trizah simu Jumapili mnada haujafungwa: "Dada, shemeji yuatuuzia cherehani yetu, na bei ni nzuri. Tumzuie?" Trizah akasema wamwache. Akasema pia niachwe hadi Jumanne, nivune nilichopanda.

Niliegemea ukuta nikalia. Sikuona haya. Cherehani ipo, mke yupo, moyo unapiga. Bi Mona alinitilia kahawa, akasema kodi itangoja hadi harusi ipite, machozi haya ni malipo ya kwanza. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, mume mzima hajui kilicho chumbani mwake? Na chumba chenyewe ni kimoja!" Areej akacheka hadi uzi ukakatika. Na mimi nikacheka. Nilikula halua yao yote.

Jumatano, 11 Septemba

Mambo yamekaa sawa. Jared alipoambiwa alichonunua alibadilika rangi. Kisha akajikaza, akasimama mbele ya Mchungaji akasema anawarudishia akina mama cherehani yao, na gharama ya fundi ni juu yake. Makofi. Jared ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Uwakili. Caroline, nasikia, hazungumzi naye. Mchungaji amenipa kazi ya kufuta vumbi kwenye mabenchi, bila kikomo.

Nimelala fofofo kwa mara ya kwanza wiki hii. Asubuhi nikatafakari kwa utulivu, kama semina ilivyofundisha. Tangu Jumatatu nilidhani nimekosea. Lakini tazama matunda! Nimetoa, na nyumbani hakijapungua kitu. Akina mama wamepata chombo chao, na fundi juu yake. Mbegu ilikuwa njema. Kasoro ilikuwa Jared.

Tarehe 22 ni Mavuno ya Vijana. Mnada upo.

Chini ya ngazi za Bi Mona kuna kitu kikubwa kimefunikwa turubai. Siku zote kiko pale, na sijamwona mtu akikigusa. Nimekipima kwa macho, kinaenea kwenye mkokoteni. Sijafunua kuangalia ni nini. Imani si kuangalia.

Baya ameapa kwamba safari hii ataondoka nacho.