Nyota Mdomoni

Siku Lavontae Wooten alipoingia dukani kwangu kwa mara ya kwanza, alinitangazia kwamba angeweza kulinunua duka lote na mimi mwenyewe nikiwa ndani yake. Kisha akauliza kama peremende za kwenye bakuli ni za bure. Nilipomwambia ni za bure, akachota konzi mbili.

Mimi natengeneza meno ya dhahabu, yale ya kuvalisha juu ya meno ya Mungu. Nilianzia kwa daktari wa meno, hapa hapa Memphis, nikiwachongea wazee. Wazee walitaka meno wale. Vijana wanataka meno ili waonekane wamekula. Vijana wanalipa vizuri zaidi.

Lavontae alikuwa mwanamuziki wa kufokafoka. Katika nyimbo zake alikuwa na majumba matatu, mpishi Mfaransa na boti ndefu kuliko daraja letu la mtoni. Nje ya nyimbo alibeba vifurushi ghalani na kulala sebuleni kwa shangazi yake. Jina lake la kazi lilikuwa Star, yaani nyota, na alilitaka mdomoni: meno manne ya mbele, kila jino herufi moja ya almasi. S, T, A, R.

Tena aliyataka upesi. Jumamosi adhuhuri, Bwana Broadnax, mtu anayeweza kumtoa msanii uchochoroni na kumweka redioni, angekuja kumtazama akirekodi video, mkataba ukiwa mkobani. Akimpenda, anasaini hapo hapo. Asipompenda, Jumatatu ni vifurushi.

Pesa hakuwa nayo. Alikuwa na Chevrolet ya kijani, mali pekee aliyokuwa nayo duniani ambayo haikuwa ndani ya wimbo. Aliisifia kama mshenga anavyomsifia bwana harusi. Mimi nikazunguka nikiisifia kutu, mlango baada ya mlango. Saa nzima ikapita, peremende zikaisha, tukakubaliana: meno kwa gari.

Nikamchorea herufi kwenye karatasi. Akaishikilia mdomoni, akajitazama kwenye kioo, uso ukamwiva.

"Mama, umeandika nini hapa? Mbona jina langu linarudi nyuma?"

"Hicho ni kioo, mwanangu. Anayekutazama usoni atalisoma sawasawa."

"Anayenitazama ni nani? Mimi ndiye ninayejitazama kutwa nzima. Nataka nikicheka kwenye kioo nione STAR."

"Basi watu watakusoma kinyumenyume."

"Watu watazoea, Bi Verdell. Wewe chonga."

Nikaandika karatasi: yamechongwa kama mteja alivyoagiza, hayarudishwi, hayachongwi upya. Akatia sahihi, akaichorea nyota tatu juu.

Je, niliona watu watasoma nini? Niliona. Lakini nilikuwa nimeshamwonya mara moja bure, na onyo la pili mimi nalitozea pesa.

Ijumaa akachukua meno yake. Tangu hapo hakufungua kinywa mbele ya binadamu, ili asiharibu uzinduzi. Shangazi mtu alinisimulia baadaye kwamba kijana alikesha bafuni akikichekea kioo, na kwamba alikunywa supu kwa mrija.

Jumamosi nilikwenda kutazama kazi yangu, nikiendesha Chevrolet yangu. Video ilirekodiwa kwenye uwanja wa kuoshea magari. Mbavu za nguruwe zilikuwa juu ya jiko la mkaa, moshi umetanda, magari matatu ya kifahari yamekodiwa kwa saa mbili, na marafiki zake wamejipanga nyuma yake wakiwa wamenuna kitajiri. Bwana Broadnax alikaa kivulini, mkoba magotini.

Muziki ukazimwa. Lavontae akapanda juu ya boneti, akapanua mikono kama anayebariki taifa.

"Nithomeni mdomoni," akasema, maana meno yalimbana ulimi. Akacheka.

Jua likapiga almasi.

S na R zilikuwa zimegeukia upande usio wao, lakini hazikumpoteza mtu. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza mbavu ndiye aliyesoma kwa sauti, taratibu, kama yuko kanisani.

"RATS. Panya."

Sasa, kwetu panya si yule wa jikoni tu. Panya ni mtu anayewauza wenzake kwa polisi, na hakuna jina baya kuliko hilo kwa mfokaji. Wale marafiki walionuna wakarudi nyuma hatua moja. Mmoja aliyekuwa na kesi akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Lavontae akashuka, akamshika Bwana Broadnax mkono na kumvuta hadi kwenye kioo cha pembeni cha gari la kukodi. Akainama, akacheka tena, akamsihi asome kule ndani.

Bwana Broadnax alisoma. Akafunga mkoba.

"Kijana, kwa hiyo kila anayenunua tiketi aje na kioo? Nina wasanii wawili wanasubiri hukumu. Siwezi kuwaingizia studio meno hayo."

Jumatatu Lavontae alikuja dukani. Nikamwonyesha karatasi, nyota zake tatu zikiwa juu. Alikaa muda mrefu bila kugusa peremende, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Mimi si mtu wa huruma, lakini nachukia kuona dhahabu ikikaa bure. Nikampigia mteja wangu wa zamani, Bwana Grisham, mwenye kampuni ya kuua panya majumbani. Alimtazama Lavontae akicheka mara moja tu, akatoa kalamu. Kijana akapata mkataba wake: mshahara, bima, na picha yake akicheka kwenye boneti za magari yote tisa ya kampuni. Mimi nilichukua sehemu ya kumi ya udalali.

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu na Chevrolet yangu, kutu nimeshaiondoa. Nikatupa jicho kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Nyuma yangu lilikuwa gari la kuua panya, boneti imenijaa kiooni, meno yanawaka, herufi zimekaa kila moja mahali pake: STAR.

Taa ikawa kijani. Nikaondoka zangu, na nyota ikabaki nyuma na pampu zake za sumu.