Kila Kontena na Yowe Lake

Mbele ya kamera mbili na sambusa za kutosha, Mkurugenzi Abdulshakur alitangaza kwamba Mamlaka ya Vibali vya Maduara, ile inayogawa mashimo ya kuchimba dhahabu, yenye ofisi zake Kambarage, Shinyanga, imekomesha rasmi umbea wa kompyuta. Wajumbe walipiga makofi. Aliyeuliza umbea wa kompyuta ni kitu gani aliongezewa sambusa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mamlaka ilikuwa na kompyuta kuu moja, na ndani yake kila dawati lilitengewa chumba: dawati la machimbo ya Mwakitolyo chake, la Masumbwe chake, mkurugenzi chake. Mafundi huviita vyumba hivyo kontena. Lakini kwenye kiini cha mtambo kulikuwa na mlinzi mmoja tu, programu isiyolala, na mlinzi huyo hakujua itifaki. Yeyote aliyegusa mlango usio wake aliandikwa, na kilichoandikwa kilisomwa na madawati yote. Ni kama mwano wa Wasukuma: yowe likipigwa nyumba moja, kijiji kizima hutoka na fimbo, na asiyetoka hutozwa faini.

Basi asubuhi moja, watu wakiwa kwenye chai, mlinzi akaandika kwamba kontena la mkurugenzi limejaribu kufungua vibali vya Mwakitolyo. Abdulshakur alikuwa anamtafutia shemeji yake duara lenye mawe mazuri, jambo la kifamilia kabisa. Watu walicheka mpaka andazi likampalia mhasibu. Aibu ilimkaa mkurugenzi kooni kama mwiba wa sato.

Akaunda kamati, kamati ikazaa waraka, waraka ukaamuru: kila kontena liwe na mlinzi wake, yowe lake lisikike ndani mwake tu, na mtumishi atakayesikia yowe la jirani atahesabiwa kuwa amesikia bila idhini.

"Bosi, kutenganisha ni kuzuri," alisema Martina, fundi wa mtambo. "Ila tubakize nakala moja ya mayowe yote nje ya vyumba. Mwizi akiingia kwako je?"

"Nitasikia mimi."

"Na akikufungia nje?"

"Martina, nani wa kunifungia nje? Mimi ndiye mkurugenzi!"

Hoja hiyo iliingizwa kwenye muhtasari kama maoni ya kitaalamu. Amani ikatawala. Taarifa ya robo mwaka ilionyesha kwamba matukio ya usalama yameisha, maana hakuna aliyeyasikia, na jina la Abdulshakur likaanza kutajwatajwa makao makuu. Akashonesha suti.

Suti haijatoka kwa fundi, mkewe Swaumu akapiga simu.

"Baba Mwaisha, hapa nyumbani kuna watu wana sururu na karasha la kusaga mawe. Wanasema chini yetu kuna dhahabu, na kibali umesaini wewe."

"Mimi?"

"Saini ni yako, na madaha yake yote. Huyu hapa mkubwa wao."

"Shikamoo, baba," ilisema sauti nzito. "Naitwa Makoye. Tunakushukuru kweli. Wakubwa wengine wanatoa maeneo ya watu, wewe umetoa la kwako. Sasa tuanzie sebuleni au jikoni?"

Abdulshakur akarukia kompyuta. Nywila ikakataa. Mtu alikuwa ameingia kwenye kontena lake, akasaini vibali alivyopenda, kisha akabadilisha nywila. Akamwita Martina.

"Nani ameingia?"

"Mlinzi wako amemwandika, bosi. Kapiga yowe wiki nzima. Ila yote yako humo ndani."

"Fungua basi!"

"Waraka ulininyang'anya funguo."

Nyumba ile aliijenga kwa miaka ya jasho, lake na la watu wengine, na moyo ulimuuma kweli. Akatoka koridoni, mikono kichwani, cheo amekisahau mezani.

"Mwizi jamani! Nyumba yangu! Nisaidieni!"

Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa heshima zote. Mmoja tu ulibaki na upenyo, na Euphrasia wa dawati la Masumbwe akachungulia.

"Shikamoo, mkurugenzi," alisema kwa upole. "Tunaomba upunguze sauti. Huku tunakusikia, na haturuhusiwi."