Maji Nyuma ya Boti Yetu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, salamu nyingi. Sisi huku wazima. Baba watoto mzima, ila kiuno. Mama mkwe mzima, anakula vizuri na kusema vizuri zaidi. Kifunguamimba wangu, ndiye nahodha wa boti yetu, mzima. Pacha wazima, meno ya mbele tu yamewatoka. Paka naye mzima. Mimi mzima, kasoro roho iko juu juu.

Boti inavuja! Kifunguamimba akirudi kuvusha walimu na wanafunzi ng'ambo, chini ya sakafu kuna maji ndoo nzima. Jumamosi anakuja mkaguzi. Akiyakuta, kibali hatupati, na kazi ya shule inahamia boti ya wifi yangu. Tena kibali si kitu. Mwanangu hajui kuogelea vizuri, anajidai tu.

Baba watoto kasema tumwite fundi. Nimekataa. Fundi wetu anaitwa Redio, na jina hakupewa bure. Akijua saa tatu, wifi anajua saa tatu na robo. Tundu nitalitafuta mwenyewe. Nimelea watoto watatu, sishindwi na boti inayojikojolea.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya poda. Nimekausha ndani kwa nepi kuukuu, nikamwaga mikebe miwili ya poda ya watoto huko nyuma kwenye injini. Maji yakipita yataacha njia, nami nitaifuata mpaka tunduni. Akili hiyo!

Nikainama kuchungulia. Kifunguamimba akawasha injini. Poda yote ikapaa. Chafya kumi na moja! Iliyobaki chini ikawa uji. Nimeshuka mweupe pe. Wifi, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa gatini. Akauliza kama nimepata kazi kinuni. Nikamwambia ni dawa ya joto.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefikiri kinyume. Maji yanapoingilia ndipo yatakapotokea. Tukaivuta boti nchi kavu juu ya tela, tukaijaza maji ndani, nikakaa nyuma kungoja. Ndoo arobaini. Maji yakachuruzika kwa nguvu, nikapiga vigelegele! Mama mkwe akauliza, kwa upole wake ule, kama hicho si kitundu cha kumwagia maji, na kama kizibo chake si hicho nilichoshika mkononi.

Ndicho. Ndoo arobaini tena. Baba watoto haongei nami.

Lakini nimeliona! Injini iko ndani, mguu wake wenye pangaboi uko nje, na pale unapopenya ukuta wa nyuma umevikwa mpira wa mikunjo mikunjo, kama soksi iliyoteremka. Tone. Tone. Mara wifi huyo anakuja. Nikautupia mguu shuka mbichi. Akauliza tangu lini nguo zinaanikwa kwenye injini. Nikasema jua la upande huu halichujishi rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeufunga mpira bendeji, juu yake ukanda wa tyubu ya baiskeli, mafundo saba. Kazi safi, daktari mwenyewe angenisifu. Kifunguamimba akaenda kujaribu peke yake. Alipokata kona, mguu ukageuka, bendeji ikavuta, mpira ukachanika. Karudi maji yako magotini, anayachota kwa kofia.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliuliza tu: mama, siri hii unamficha wifi yako au unanificha mimi?

Nililia. Nikanawa uso, nikaenda kwa Redio kwa miguu yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Redio kaja na mpira mpya mfukoni. Kumbe anao tangu mwezi jana! Wifi alimwambia boti yetu inarudi imelala nyuma, amtafutie kifunguamimba mpira kabla hajapata balaa. Mimi siku zote nasema yule mwanamke ana jicho la umbea. Nimempelekea maandazi.

Mguu ukashushwa. Mpira wa zamani umevimba na kulegea kama mkate uliolowa chai. Redio akauliza nani anaupaka mafuta, maana mafuta ndiyo yameuozesha.

Kila Jumapili naupaka mafuta yaliyobaki ya kukaangia. Mikunjo yote ile, jua lote lile, nani asingeuhurumia? Nikasema labda panya. Redio akauliza ni panya gani anayekaanga. Familia nzima ikanitazama. Nikakiri. Nikaapa mbele ya mama mkwe: mafuta, basi!

Jumamosi, 8 Machi

Mkaguzi kaizungusha boti bandarini mara tatu. Kaingiza mkono chini ya sakafu, kautoa mkavu! Kibali tumepata. Wifi kapiga vigelegele kunishinda. Kifunguamimba kaniita mama yake kipenzi mbele ya walimu.

Jioni nimekwenda kuutazama mpira mpya. Maskini! Umepauka kama goti la mtoto wa chekechea. Redio fundi mzuri, lakini mwanamume huyo anajua nini kuhusu ngozi? Na mimi niliapa juu ya mafuta ya kukaangia. Haya niliyonunua ni ya watoto wachanga, hayana hata harufu.

Nimepaka kidogo tu. Sasa unang'aa!

Daftari, usimwambie Redio. Nawe nijibu upesi, nisikae roho juu: niwe napaka Jumapili tu, au na Jumatano?