Jinsi Mkuu Alivyofua Shati Katikati ya Bahari

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama, na wewe uliyeegemea mlango ukijifanya unapita tu. Zimeni redio, wanyamazisheni watoto, kwa maana leo lasimuliwa jambo zito, ambalo bahari yenyewe ililishuhudia ikayumba: jinsi Mkuu, mwalimu mkuu mstaafu, mtisha watoro, bwana wa kengele na wa mistari ya asubuhi, alivyofua shati.

Shati moja. Jeupe. La mikono mirefu.

Ilikuwa katika zile siku za maji matupu, bandari ya nyuma imekwisha kusahaulika na ya mbele ikiwa bado ni maneno ya nahodha kwenye spika. Meli yenyewe ilikuwa jumba la ghorofa lililoamua kuogelea: lina lifti, lina saluni, lina hata bwawa la kuogelea juu ya bahari, kana kwamba maji yaliyopo hayatoshi. Ndani yake, katika chumba chenye dirisha la duara na kabati linalojifungua lenyewe kila wimbi likipanda, waliishi watatu: Mkuu, mkewe, ambaye ni fundi cherehani na alifunga duka ili naye aione dunia, na binti yao, muuguzi, aliyelala kitanda cha juu na kusikia kila kitu.

Asubuhi ile spika ikatangaza kwamba jioni nahodha atakula pamoja na abiria, wanaume wavae shati jeupe na tai. Mkuu akafungua kabati. Akaliona shati lake limejikunja chini, doa la mchuzi kifuani, mfano wa nishani ya vita vilivyoshindwa.

"Mama," akanena, kwa sauti iliyozoea kufika dawati la mwisho, "shati halijafuliwa."

Mkewe alikuwa dirishani, miguu juu ya kiti, akitazama bahari. "Naliona."

"Nasema, jioni ni ya nahodha."

"Nimesikia, Baba. Ukitaka lifuliwe, lifue. Chumba cha kufulia kipo huko chini, karibu na lifti. Mimi nimekuja kupumzika."

Binti akavuta shuka hadi machoni, na kitanda cha juu kikaanza kutikisika ingawa bahari wakati huo ilikuwa shwari.

Ndipo Mkuu aliposimama katikati ya chumba, mahali pekee palipokuwa na nafasi ya kusimama, akasema: "Sikilizeni, enyi watu wa nyumba yangu! Mimi niliyesimamia mitihani mvua ikipenya paa. Mimi niliyewatazama wakaguzi usoni hadi wao wakatazama viatu. Leo naambiwa nishuke nikapambane na mashine. Haya, nitashuka! Wala isije ikasemwa kwamba siku ile ilipofika, mimi nilisita." Akavuta pumzi. "Sabuni iko wapi?"

"Mfuko wa buluu," akasema mkewe bila kugeuka.

Akashuka. Ujia ulikuwa mrefu, na meli, kana kwamba imepata habari, ikaanza kumjaribu: ikilala kushoto anaangukia mlango wa watu, ikilala kulia anaangukia wa wengine, naye huomba radhi kwa sauti na kuendelea, shati amelikumbatia mikononi kama abebaye majeruhi kutoka uwanja wa vita.

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na harufu ya sabuni, na mashine zote zilikuwa zinanguruma. Kando ya ukuta walikaa wanaosubiri, kila mmoja na mzigo wake, macho yamewatoka. Karibu na mlango alisimama mama mmoja, mtoto mchanga mgongoni, mbele yake kapu refu la nguo za watoto, lamfikia kiunoni. Ukutani palibandikwa sheria: mashine ikimaliza na mwenye nguo hayupo, mwingine aweza kuzitoa.

Mashine moja ikasimama. Mwenyewe hayupo. Watu wakatazamana, kila mmoja akiona haya kugusa za mwenzake, na Mkuu, ambaye katika ndoa yake yote hakuwa amegusa hata chupi yake mwenyewe ikiwa mbichi, akapita mbele ya wote, akafungua kijimlango, akazamisha mkono, akaibuka na chupi ya mwanamume, pana kama tanga.

"Wee mzee! Hizo zangu!"

Mlangoni alisimama Daktari wa Meno, jitu la mabega, yule ambaye kila asubuhi aliwahubiria wenzake mezani juu ya ubaya wa sukari. Mkononi alishika aiskrimu.

"Ewe mng'oa magego!" akanguruma Mkuu, ameiinua chupi juu kama bendera. "Uliiacha ngome yako bila mlinzi! Uliwaacha askari wako wamelowa! Nawe ulikuwa wapi? Hebu tuambie, hiyo uliyoshika ni dawa ya meno?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Daktari akaitazama aiskrimu, nayo ikamdondokea kwenye kandambili. Akakusanya askari wake, na Mkuu akalitumbukiza shati lake mahali pao. Lakini kabla hajatoka akachungulia ndani ya mashine.

"Shati moja tu? Mashine yote hiyo?"

"Mzee," akasema mama mwenye kapu, kwa upole, "basi tuchanganye na za watoto. Au ulifikiche hapo kwenye sinki, ni dakika tu."

Sinki lilikuwa pale pale, jeupe, tupu.

"Binti yangu," akasema Mkuu, "sikuiteka ngome hii ili niigawe."

Akamimina sabuni, akabonyeza. Akasimama mbele ya kioo, mikono nyuma, akilitazama shati likizunguka peke yake, kwa raha, kama mpangaji mmoja katika jumba la vyumba kumi. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mkuu akahisi kitu kikimwasha chini ya kola. Akakifikiria kidogo, akaona ni joto.

Akarejea chumbani na shati lililokauka na kujaa makunyanzi, doa limefifia lakini halijang'oka. Koti likafunika makunyanzi, tai ikafunika doa, na jioni akaketi meza ya nahodha akasimulia. Supu ilipoletwa, katika masimulizi hayo Daktari alikuwa amepigwa kwa hoja. Nyama ilipofika, alikuwa amepiga magoti. Nahodha, ambaye sare yake nyeupe hujikuta kabatini kila alfajiri bila yeye kujua imetoka wapi, akainua glasi.

"Mabwana na mabibi, mwanamume aliyefua shati lake mwenyewe!"

Meza ikasimama. Makofi yakalia, wahudumu wakageuka, mpiga kinanda akaongeza sauti, na ikakubaliwa na wote kwamba tangu meli ile iliposhushwa majini halijatendwa jambo kama hilo.

Makofi yakiwa bado yanaendelea, bibi mmoja aliyeketi kando ya mke wa Mkuu akamwinamia sikioni.

"Na wewe, mama, huwa unafua?"

"Kidogo," akasema mkewe, akakata nyama yake.

Lakini historia, iliyokuwa imemgeukia shujaa ikimpigia makofi, haikusikia.